Tafakuri ya somo la Hisabati chuoni: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Hisabati katika chuo cha ualimu mkoani Mtwara. Maswali haya huletwa na wanachuo wanaojiandaa kwenda BTP (Block Teaching Practice, mazoezi ya kufundisha shuleni), wakufunzi wenzangu, na walimu niliowafundisha ambao sasa wako Newala, Masasi, Tandahimba na Nachingwea na hunipigia simu jioni. Nimeyakusanya hapa ili anayeyahitaji ayapate bila kusubiri nipokee simu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu mambo yenyewe ni marefu.

Tafakuri ya somo ni kitu gani hasa?

Ni kulirudia somo ulilokwisha kulifundisha, ukatafuta mahali ambapo fikra za wanafunzi zilikwenda njia usiyoitegemea, ukajiuliza kwa nini, kisha ukabadili jambo moja katika somo linalofuata. Kuna kuona, kuna kuuliza, kuna kubadili. Mwalimu anayeishia kwenye kuuliza hubaki na masikitiko tu. Anayeruka kuona hubaki na maneno ya jumla.

“Wanafunzi hawakuelewa sehemu” ni maneno ya jumla, hayakusaidii kitu kesho. Linganisha na haya: “Wanafunzi wanne wa dawati la dirishani walijumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5. Wote wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili.” Hapo umeshika kitu. Unaweza kuingia darasani kesho na muhogo mmoja, ukauliza: nilikuwa na nusu, nikaongezewa theluthi, inakuwaje nimebaki na 2/5 ambayo ni pungufu ya nusu niliyoanza nayo? Swali hilo huwezi kulitunga kama hukuwaona wale wanne.

Mbona andalio la somo tayari lina nafasi ya tathmini na maoni? Si ndiyo tafakuri hiyo?

Nafasi ile iliwekwa kwa ajili hiyo hasa, na naipenda. Kinachoniuma ni tunachokiandika humo.

Mwaka mmoja nilirudi kutoka kusimamia BTP na rundo la maandalio, nikayasoma yote usiku mmoja, nikiangalia mistari ya mwisho tu. “Somo limeeleweka vizuri.” “Wanafunzi wameshiriki kikamilifu.” “Asilimia 80 wameelewa, nitaendelea na mada inayofuata.” Ile 80 ilihesabiwa na nani, na kwa swali gani? Andalio moja lilikuwa la kipindi ambacho nakumbuka hakikufundishwa kabisa: mvua kubwa ilinyesha na watoto wakarudishwa nyumbani. Tathmini yake ilikuwa imejazwa, wino uleule, mkono uleule, tangu jana yake.

Sikumkaripia yule mwanachuo. Alikuwa amejifunza kutoka kwetu kwamba mistari ile ni ya kumridhisha anayekagua. Toka siku hiyo nawaomba wanachuo wangu neno “limeeleweka” wasiliandike peke yake. Liambatane na ushahidi: nani, swali gani, aliandika nini. Mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili aliniandikia hivi, na nimeuhifadhi ukurasa wake:

“Kati ya 48, 31 wamepata eneo la pembetatu. Waliokosa, wengi wamezidisha kitako kwa ubavu ulioinama badala ya kimo. Nilichora pembetatu zote zikiwa na pembe mraba, kwa hiyo ubavu na kimo vilikuwa kitu kimoja mpaka zoezi la mwisho. Kesho naanza na pembetatu iliyolala.”

Maneno hayazidi hamsini, na kosa lipo, chanzo kipo, dawa ipo. Angalia pia kwamba chanzo amekiona kwenye michoro yake mwenyewe. Hakuwatupia watoto.

Wazo hili limetoka wapi?

Mwanafalsafa wa elimu John Dewey, Mmarekani, aliliandikia mwaka 1910: kufikiri kwa kina huanza pale mtu anapokwama na kukubali kukaa na mkwamo huo badala ya kurukia jibu. Mwaka 1983 Donald Schön akatofautisha kutafakari ukiwa kazini na kutafakari baada ya kazi. La kwanza ni pale chaki iko mkononi, unaona nyuso zimebadilika, unageuza mfano papo hapo. La pili ni jioni, ukiwa na daftari.

Wanachuo wakitajiwa majina hayo hudhani jambo lenyewe ni la ng’ambo. Fundi jahazi wa Mikindani anayesimama kila saa na kufumba jicho moja kutazama kama ubao umekaa sawa anafanya hilohilo la kwanza.

Hisabati ina jibu moja tu. Kuna nini cha kutafakari?

Jibu ni moja. Njia za kulikosa ni nyingi, na karibu kila njia ina mantiki yake. Acha nieleze somo lililonibadilisha mimi.

Nilikuwa na darasa la mwaka wa kwanza, asubuhi, nikawapa swali la kuamsha darasa: 10 − 3 + 2. Nilitegemea sekunde tano tuendelee. Nikapita kati ya madawati, nikaona 5, nikaona 9, nikaona 5, 5, 5. Waliopata 5 walizidi nusu. Na hawa ni watu waliomaliza kidato cha nne, wengine cha sita, wanaokwenda kufundisha watoto wa wenzao. Nikasema kwa sauti kali, “Kuweni makini!”, nikaandika 9 ubaoni, nikaendelea na mada.

Jioni lile tano halikuniacha. Kosa la kutokuwa makini hutawanyika: huyu anapata 8, yule 11, mwingine 15. Watu ishirini na kitu wakipata 5 ileile, wamefuata njia ileile. Kesho yake nikamwita kijana mmoja kabla ya kipindi, nikamwomba anieleze tu, simhukumu. Akasema kwa upole, “Mwalimu, si ni MAGAZIJUTO? JU inatangulia TO. Kwa hiyo 3 jumlisha 2 ni 5, halafu 10 toa 5.”

Kijana hakuwa mzembe. Alikuwa mtiifu kupita wote. Alifundishwa Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, akalifuata jina herufi kwa herufi. Mimi nami nilikuwa nimelifundisha jina hilo miaka nenda rudi bila kusema kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na kwamba vikikutana tunakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia.

Nikajiuliza, mbona sikuliona kosa hili miaka yote? Nikakaa na karatasi. Chukua 12 × 6 ÷ 3. Anayefuata jina huanza na 6 ÷ 3, anapata 2, kisha 12 × 2 ni 24. Anayekwenda kutoka kushoto huanza na 12 × 6, anapata 72, kisha 72 ÷ 3 ni 24. Sawa! Kwenye GA na ZI jina halimwangushi mtu. Linamwangusha kwenye JU na TO pale tu alama ya kutoa inapotangulia. Mazoezi yangu mengi yalikuwa na mabano na kuzidisha, kwa sababu niliona hayo ndiyo magumu. Mtego ulikuwa kwenye swali jepesi ambalo nilikuwa silipi nafasi.

Sasa naanza na mfuko wa mtu: una shilingi 10,000, umempa bodaboda 3,000, ukakutana na aliyekuwa na deni lako akakurudishia 2,000. Una ngapi? Darasa zima husema 9,000, hakuna hata mmoja anayesema 5,000. Ndipo naandika 10 − 3 + 2 na kuwaachia wabishane na jina. Mwishoni tunaandika jina kwa ngazi: MA peke yake juu, GA na ZI ngazi moja, JU na TO ngazi moja. Wenye uwezo zaidi nawapeleka hatua nyingine, kwamba 10 − 3 + 2 ni 10 + (−3) + 2, na ukishaiandika hivyo anzia popote upendapo.

Richard Skemp, mwaka 1976, alitenganisha kujua kanuni na kujua kwa nini kanuni inafanya kazi. Nilikuwa nimeisoma tofauti hiyo na kuifundisha. Niliielewa siku nilipomsikiliza yule kijana.

Nianzie wapi kesho asubuhi?

Nunua daftari dogo, liwe la kazi hiyo tu. Baada ya kipindi kimoja kwa siku, si vyote, kaa dakika tano kabla hujaingia ofisini kupiga gumzo. Andika jambo moja lililokushangaza, maneno au hesabu ya mwanafunzi kama alivyoiandika yeye, na utakachobadili. Siku isiyo na mshangao wowote andika tarehe na uiache wazi. Wiki nzima ikipita bila mshangao, maana yake hukupita kati ya madawati.

Usiandike kwa lugha ya ripoti. Daftari hili halikaguliwi na mtu.

Darasa langu ni kubwa mno. Nitajuaje kila mmoja anafikiri nini?

Hutajua kila mmoja, wala huhitaji. Unahitaji kujua makosa ya aina ngapi yamo darasani, na kwa kawaida ni matatu au manne hata kama watu ni 90.

Mimi natumia robo karatasi. Karatasi moja ya A4 ikatwe mara nne, dakika nne za mwisho kila mmoja ajibu swali moja na aonyeshe njia. Nikifika ofisini sisahihishi. Nagawa mafungu mezani: waliopata kwa njia niliyofundisha, waliopata kwa njia nyingine, waliokosa kwa njia A, waliokosa kwa njia B, na walioacha wazi. Karatasi 90 hunichukua dakika kumi na mbili hivi, na muda mwingi unakwenda kwenye fungu la pili, ambalo huwa na vito. Alama siweki, na jina si lazima. Nilipoanza kuweka alama, watu walianza kunakili kwa jirani, nikawa nasoma akili ya mtu mmoja mara tisini.

Chagua swali lako vizuri. “Tafuta mteremko wa mstari unaopita (1, 2) na (3, 8)” litakuonyesha nani anaijua kanuni. “Mwenzako amepata mteremko 1/3 kwa nukta hizi, mwambie amefanya nini” litakuonyesha nani anajua mteremko ni nini. (Mteremko ni 3, na mwenzake amegawanya mlalo kwa wima.)

Nikiuliza swali darasa zima kimya. Tafakuri itanisaidiaje?

Anza kwa kuhesabu. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha hujijibu au hurukia mtu mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitolea kujibu wakaongezeka. Sekunde tatu ukiwa mbele ya darasa ni ndefu sana. Jaribu uone.

Huku kwetu kuna la ziada. Kimya ni adabu. Mtoto aliyelelewa vizuri hakimbilii kusema mbele ya mkubwa, na kumwambia mwalimu “sijaelewa” huonekana kama kumlaumu. Basi usilisome kila kimya kuwa ni ujinga au uvivu. Waambie kwanza wasemezane wawili wawili, nusu dakika, kisha uliza: “Mwenzako amesemaje?” Mtu anayeona haya kusema la kwake husema la mwenzake bila taabu.

Tunafundisha kwa lugha gani, na lugha inaingiaje kwenye tafakuri?

Inaingia sana, pengine kuliko kitu kingine chochote katika vyuo vyetu. Mwanachuo amesoma Hisabati ya sekondari kwa Kiingereza. Siku ya BTP anasimamishwa mbele ya darasa la tano la shule ya msingi, afundishe kwa Kiswahili. Dhana anayo, maneno hana. Nimewaona wakisema “namba ya juu” na “namba ya chini” kipindi kizima kwa sababu kiasi na asili vimewatoka.

Na Kiswahili chenyewe kina mitego yake. Nilikaa nyuma ya darasa moja huko Newala, mvua inapiga bati, mwanachuo anafundisha kipeuo cha pili. Akauliza kipeuo cha pili cha 16. Mstari wa mbele wakaandika 4. Mstari wa nyuma, pale nilipokaa, wakaandika 256. Yeye mbele akadhani wa nyuma hawajui kitu. Mimi nilisikia walichosikia: kipeo. Kipeo cha pili cha 16, yaani 16 mara 16, ni 256 kweli, kwa hiyo walikuwa wamejibu sawasawa swali walilolisikia! Herufi moja imemezwa na mvua. Tulipokaa chini ya mwembe baada ya kipindi sikumwambia kitu, nilimwonyesha tu madaftari mawili, la mbele na la nyuma. Alitazama kwa muda, akashika kichwa. Toka hapo hatamki maneno yale mawili bila kuandika alama ubaoni na kuigusa kwa chaki.

Usizisahau pia lugha za nyumbani. Kwa Kimakua na Kiyao sita hutajwa kama tano na moja. Mtoto aliyehesabu hivyo kwa bibi yake tayari anaijua hesabu ya vizio vya tano, yaani kuhesabu kwa mafungu ya tano, na mwanachuo anayehangaika na vizio vya namba chuoni angeweza kuanzia hapo. Mwaka mmoja niliwauliza wanachuo wangu wahesabu mpaka kumi kwa lugha za kwao. Saa moja ilipita kama dakika tano, nikaandika kurasa tatu.

Nitumie mifano ya korosho? Kila mtu hapa anaielewa.

Tumia, lakini itazame kwa jicho lilelile. Korosho ina uwiano, asilimia, uzito, madaraja, minada, makato ya chama cha msingi, kila kitu. Swali la “bei imeshuka kwa asilimia 25, kisha ikapanda kwa asilimia 25, je, imerudi ilipokuwa?” huwasha darasa. Shilingi 4,000 hushuka kuwa 3,000, kisha hupanda kuwa 3,750, na ubishi unaofuata ni mtamu.

Lakini niliwahi kutunga swali la mkulima aliyeuza kwa kangomba, bakuli kwa bakuli kabla ya msimu, tukokotoe amepoteza kiasi gani. Hesabu ilikuwa nzuri. Darasa likanyamaza, na si kimya cha adabu. Dada mmoja aliinamisha kichwa mpaka kipindi kikaisha. Baadaye niliambiwa ada yake ya muhula ule ilitoka huko huko. Niliandika daftarini: mfano unaoeleweka na kila mtu unaweza kuwa unamhusu mtu mmoja kupita kiasi. Swali lile sijalirudia. Sasa nawaachia wanachuo watunge mifano ya korosho wenyewe, wachague wanachokubali kukileta darasani.

Nimwalike mwenzangu aje kutazama somo langu? Naona aibu.

Aibu hiyo inatokana na namna tulivyozoea kutazamwa: mtu amekaa nyuma na fomu, anaandika, anatoka. Wajapani wana utaratibu wao wa zaidi ya miaka mia ambapo walimu kadhaa huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja akalifundisha, wengine wakawatazama wanafunzi. Baadaye wanalijadili somo, na kwa kuwa ni la wote hakuna anayeshtakiwa.

Kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) hili linawezekana kabisa bila gharama yoyote. Mpe mwenzako kazi moja tu: “Mtazame huyu na huyu, uniandikie wanachoandika dakika kwa dakika.” Asikutazame wewe. Mwalimu mwenzangu mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, alinifanyia hivyo, akaniletea karatasi inayoonyesha kwamba mwanachuo aliyekuwa akiitikia kwa kichwa kipindi chote hakuandika hata mstari mmoja. Ningeapa kwamba yule ndiye ananielewa kuliko wote.

Naruhusiwa kujirekodi kwa simu?

Sauti, ndiyo. Weka simu mezani, waambie wanachuo kwamba unajirekodi wewe. Kwa picha za watoto wa shule omba ruhusa ya mwalimu mkuu kwanza, na usizitume popote. Sikiliza dakika kumi tu, zatosha.

Nimegundua nimefundisha kosa. Nirudi niseme?

Rudi, kipindi kinachofuata, mwanzoni kabisa. Sema kosa lilikuwa nini, lilitokana na nini, sahihi ni ipi. Mimi nilirudi kwenye lile darasa la MAGAZIJUTO nikawaomba radhi kwa kuwaambia hawako makini. Heshima haikupungua. Wiki ile ile mwanachuo ambaye hajawahi kunyanyua mkono aliniambia kwamba mfano wangu wa ubaoni una kosa la alama, na alikuwa sahihi.

Nikiandika ukweli kwenye maoni, mthibiti ubora au msimamizi wa BTP hataniona dhaifu?

Wako watakaokuona hivyo, sitakuficha. Lakini tofautisha kukiri na kueleza. “Somo halikueleweka” ni kukiri, linakuacha uchi. “Wengi wamechanganya mzingo na eneo, kesho tutazungushia kamba na kutandaza vigae vya karatasi” ni maelezo ya mtu anayeijua kazi yake. Nimesimamia BTP kwa miaka, na andalio la namna ya pili hunifanya nimwamini mwanachuo kabla hata hajashika chaki. Wakufunzi wenzangu, hili liko mikononi mwetu: tukimpunguzia alama aliyeandika ukweli, mwakani atatuandikia “limeeleweka”.

Je, kila somo likiharibika kosa ni langu?

Hapana, na tafakuri inayomfanya mwalimu ajibebeshe kila kitu humchosha mapema. Msimu wa kuokota korosho darasa la watoto 60 linaweza kubaki na 40, na wale 20 wakirudi wamekosa wiki mbili za sehemu. Hujakosea popote. Ila swali la kutafakari bado lipo: wakirudi nitawapokeaje? Mwanachuo wangu mmoja huko Tandahimba aliacha kuwarudishia “tulipoishia” akawapa wale waliobaki kazi ya kuwafundisha waliorudi, dakika ishirini, huku yeye akipita na kusikiliza. Alisikia ni wapi waliobaki wenyewe hawajaelewa.

Kwenye daftari tenganisha kabisa: yale yaliyo ndani ya uwezo wangu, na yale ya msimu, njaa, madawati, mvua. Ya upande wa pili peleka kwenye kikao. Ya upande wa kwanza fanyia kazi kesho.

Itapandisha ufaulu?

Hisabati kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa kwenye mtihani wa kidato cha nne, na wanachuo wengi huja kwetu wakiwa na jeraha hilo. Daftari la mkufunzi mmoja haliwezi kubeba mzigo huo. Ninachokiona kwa macho yangu ni kitu kidogo kuliko hicho: mada niliyoitafakari mwaka huu, mwakani sipotezi nayo kipindi kizima kwenye kosa lilelile. Kwa mada tatu au nne kwa mwaka, baada ya miaka kadhaa unakuwa na akiba kubwa ya kujua watu hukwama wapi. Akiba hiyo ndiyo hutofautisha mwalimu wa miaka kumi na mwalimu wa mwaka mmoja aliourudia mara kumi.

Mkufunzi, wewe mwenyewe wiki hii unatafakari nini?

Hasi mara hasi. Mwanachuo aliuliza kwa nini −2 × −3 ni chanya, nikampa hadithi yangu ya siku zote ya madeni. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, “Samahani mwalimu, deni mara deni ni nini?” Sikuwa na jibu. Deni ukilizidisha kwa tatu naelewa, lakini deni ukilizidisha kwa deni hakuna duka duniani linalofanya biashara hiyo. Nimeitumia hadithi ile kwa miaka na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nimeamua kuiacha. Nitaandika ubaoni safu moja tu: 3 × −2 ni −6, 2 × −2 ni −4, 1 × −2 ni −2, 0 × −2 ni 0. Nitawauliza jibu linaongezeka kwa ngapi kila hatua, nitaandika −1 × −2, nitashusha chaki na kusubiri. Robo karatasi nimeshazikata. Yule mwanachuo nimemwomba akae mbele. Kipindi ni Jumanne, cha pili.